Kupambanua Maneno ya Kiingereza Yanayokaribiana Maana

Katika toleo hili nataka kueleza habari inayotusumbua wengi, tangu wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza mpaka sisi wa Kidato cha Nne tunaongojea mtihani wa Taifa wa mwezi wa Novemba. Habari yenyewe ni ya maneno ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili huitwa kwa jina moja tu. Kwa kuwa jina ni moja, twadhani ya kuwa na maana ni moja, kumbe sivyo.

Chanzo cha taabu hii si uvivu. Katika shule za msingi za Serikali tulisoma hesabu, sayansi na maarifa mengine kwa Kiswahili, na Kiingereza kilikuwa somo moja kati ya masomo. Tulipoingia sekondari mambo yaligeuka, karibu masomo yote yakawa kwa Kiingereza. Basi kila mmoja wetu alifika hapa na mfuko uliojaa maneno ya Kiswahili, na kila anapokutana na neno geni hulitafutia mwenzake humo mfukoni. Njia hii si mbaya, lakini maneno ya lugha mbili hayagawani dunia sawasawa. Mahali ambapo Mswahili ameweka kikapu kimoja, Mwingereza ameweka viwili au vitatu. Na pengine ni kinyume chake.

Wala jambo hili si la mtihani tu. Huku kwetu Ruaha, kama ilivyo Mikumi, Kidodi na Kilosa yenyewe, mwanafunzi wa sekondari akirudi likizo huwa karani wa nyumba na majirani. Huletewa karatasi ya mkopo, kibandiko cha dawa au barua yenye muhuri, akaambiwa, “Wewe msomi, tusomee.” Akikosea, hasara si alama mbili za karatasi ya mtihani.

Nitatoa mfano mmoja ulio kweli. Jirani yetu wa nyumbani alikuwa na bustani ya nyanya, zikaingiliwa na wadudu. Alipata chupa ya dawa ambayo maandishi yake ya Kiswahili yalikuwa yamefutika, akamwita kijana mmoja wa sekondari. Kijana akasoma neno kubwa lililobaki, “herbicide”, akasema ni dawa ya wadudu, maana alikwisha ona chupa nyingine yenye neno linaloishia vivyo hivyo. Jirani akanyunyiza asubuhi. Haikupita juma, majani yakajikunja, yakawa manjano, na bustani yote ikafa. Wadudu walihama wenyewe kwa kukosa chakula.

DAWA SI MOJA

Tuanze na mfano huo huo. Kiswahili chatumia neno “dawa” kwa vitu vingi mno: dawa ya homa, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya panya. Kiingereza hakifanyi hivyo. Dawa ya kuponya ni “medicine”. Dawa za shambani zina majina yake, na mengi huishia na “-cide”, kipande kilichotoka katika Kilatini chenye maana ya kuua. Kinachouawa hutajwa mwanzoni. “Insecticide” huua wadudu. “Fungicide” huua kuvu na ukungu. “Rodenticide” huua panya na jamaa zake. “Herbicide” huua mimea. Sisi twaiita dawa ya magugu, lakini dawa yenyewe mara nyingi haijui lipi gugu na ipi nyanya.

Juu ya hayo yote kuna “pesticide”, nalo ni neno la jumla, mfano wa neno “mnyama” juu ya mbuzi na kondoo. Kila “herbicide” ni “pesticide”, lakini si kila “pesticide” ni “herbicide”. Kwa hiyo ukiona “pesticide” peke yake usiridhike. Soma mpaka uone ni ya kuua nini. Hii ndiyo hatua ya kwanza ya kupambanua maneno: uliza kama neno ni la jumla au la kitu mahsusi.

NANI HUTOA, NANI HUPOKEA

Kundi la pili ni la vitenzi, nalo ni kundi lenye makosa mengi. Kila siku bwenini husikika, “Borrow me your pen.” Kosa hili lina mzizi wake katika Kiswahili. Sisi husema, “Niazime kalamu yako,” na tena, “Nimeazima kalamu kwa Juma.” Kitenzi ni kile kile kwa mwenye kutoa na mwenye kupokea. Mwingereza ametenga: mwenye kutoa ndiye a-“lend”, mwenye kupokea ndiye a-“borrow”.

Lakini Kiswahili kina dawa yake pia. Tukitoka kwenye kalamu tukaingia kwenye fedha, twatenga vizuri sana: kukopa na kukopesha. Hakuna mtu atakayechanganya hayo mawili, hasa siku ya kulipa! Basi, kila ukikutana na “borrow”, weka moyoni “kopa”. Ukikutana na “lend”, weka “kopesha”. Hata katika karatasi za mikopo, anayeitwa “lender” ni mkopeshaji, na anayeitwa “borrower” ni mkopaji. Mzazi anayelima miwa akiambiwa atie sahihi chini ya neno “borrower”, ajue ya kuwa ndiye atakayelipa.

Hapa napenda tuone siri moja. Kiswahili hunyambua kitenzi kwa kuongeza silabi, na Kiingereza mara nyingi hubadilisha neno zima. Sisi husema jifunza na fundisha. Wao “learn” na “teach”. Sisi husema iba na ibia. Wao hutumia “steal” kwa kitu kilichochukuliwa, na “rob” kwa mtu aliyenyang'anywa. “They stole my bicycle” ni sawa. Lakini mtu akiandika “They stole me”, amesema ya kuwa wezi walimbeba yeye mwenyewe! Tena “rob” lina nguvu au vitisho ndani yake, kwa hiyo lakaribia zaidi “nyang'anya”. Mwizi wa usiku aliyenyemelea akachukua kuku hakuku-“rob”. Ali-“steal” kuku wako.

Kuna vitenzi vingine vya Kiingereza vilivyo kama mabaki ya mnyambuliko wa zamani, na mwanafunzi Mswahili akivijua hatavisahau. Tazama:

Lala ni “lie”. Laza ni “lay”.
Inuka ni “rise”. Inua ni “raise”.
Keti ni “sit”. Weka, yaani ketisha kitu mahali pake, ni “set”.
Anguka ni “fall”; angusha mti ni “fell”.

Je, hamwoni ya kuwa ni mpango ule ule wa kwetu? La kwanza ni la kufanya mwenyewe, la pili ni la kufanyia kitu kingine. Twendeni shambani. Upepo ukivuma sana, miwa hulala: “The cane lies on the ground.” Wakataji wakija na mapanga yao, huikata na kuilaza kwa mistari: “The cutters lay the cane in rows.” Miwa yenyewe haiwezi ku-“lay”, maana haina inachokilaza.

Mtego uko katika wakati uliopita. “Lie” likipita huwa “lay”, kisha “lain”. “Lay” likipita huwa “laid”, na tena “laid”. Vivyo hivyo “fall” huwa “fell”, na “fell” la kuangusha miti huwa “felled”. Tena kuna “lie” jingine la kusema uongo, nalo huwa “lied”. Haya hayana mkato. Sharti yakaririwe mpaka yakae.

MTU, MNYAMA NA KITU

Hatua ya tatu ni kuuliza neno hili hufuatana na nani: mtu, mnyama au kitu kisicho uhai. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko makubwa yaliipiga Kilosa na kuharibu reli. Mtu akieleza habari hiyo kwa Kiingereza, reli ilikuwa “damaged”, si “injured”. Mtu aliyeumia katika ajali ni “injured”. Na aliyejeruhiwa kwa silaha, kama risasi, mkuki au panga la adui, ni “wounded”. Majeruhi wa basi si “wounded”, labda basi lile liwe limeingia vitani.

Mfano mwingine tunao karibu. Barabara kuu iendayo Zambia hukata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa mwendo wa kilometa 50 hivi. Madereva wakienda mbio, wanyama hugongwa. Pundamilia aliyekufa barabarani ni “carcass”. Mtu aliyekufa ni “corpse”. Kiswahili nacho chatenga hivyo hivyo: mzoga na maiti. Mtu akisema “maiti ya pundamilia” mtamcheka. Basi naye mtahini huwacheka wanaoandika “the corpse of a zebra”. Somo hapa ni kwamba mara nyingi tunayo tofauti ile katika lugha yetu, ila tumesahau kuitumia.

Na sumu je? Sisi tuna neno moja, wao wana mawili makubwa. Sumu inayoingia mwilini kwa jino la nyoka au mwiba wa nge ni “venom”. Sumu inayodhuru kwa kuliwa, kunywewa au kuguswa ni “poison”. Nyoka wa mashamba ya miwa ni “venomous”; mhogo mchungu usioandaliwa vema ni “poisonous”. Watu wengine huwakumbusha wanafunzi kwa maneno haya: kikikuuma ukafa, ni “venom”, ukikiuma ukafa, ni “poison”.

Kabla sijatoka hapa, nataja “shinda”. Timu ikishinda mchezo, ime-“win” mchezo au kikombe. Ikiwashinda watu, ime-“beat” watu hao. “We won the match” na “We beat Form Three” ni sahihi. “We won Form Three” maana yake Kidato cha Tatu kizima kilitolewa zawadi, tukakipata sisi.

KISWAHILI KIKIWA NA KIKAPU KIKUBWA

Yako maneno yetu yaliyo mapana sana, na hayo ndiyo ya kuogopwa. La kwanza ni “sikia”. Sisi husikia sauti, husikia harufu, husikia baridi, husikia njaa, na hata husikia maneno ya wazazi kwa maana ya kuyatii. Kwa Mwingereza, sikio ni la sauti tu: “hear”. Harufu ni “smell”. Baridi na maumivu ni “feel”. Na njaa hana haja ya kuisikia. Husema tu “I am hungry”. Lakini “sikia” na “sikiliza” hulingana vizuri na “hear” na “listen”, kama vile “ona” na “tazama” zinavyolingana na “see” na “look”. Unaweza ku-“hear” bila kutaka. Huwezi ku-“listen” bila kutaka.

Viungo vya mwili navyo vitazamwe. Mguu wetu ni mrefu: waanza pajani, waishia unyayoni. Wao huukata: juu ya kifundo ni “leg”, chini yake ni “foot”. Mkono vilevile: “arm” mpaka kifundo, kisha “hand”. Vidole vya mkono ni “fingers”, vya mguu ni “toes”. Mkataji wa miwa aliyejikata kwa panga unyayoni ameumia “foot”.

Pengine kikapu kikubwa ni chao. Katika bonde la Kilombero, ng'ambo ya Mto Ruaha Mkuu, watu hulima mpunga. Ukikobolewa huwa mchele. Ukipikwa huwa wali. Mwingereza huita vyote vitatu “rice”, na akitaka kutenga huongeza maneno mengine. Hapa yeye ndiye maskini na sisi ndio matajiri. Kadhalika “old” kwao ni mtu mzee, nguo kuukuu, rafiki wa zamani na mji mkongwe. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema ya kuwa Kiswahili ni lugha ya maneno machache. Kila lugha hukata pale inapohitaji kukata.

KWA NINI KIINGEREZA KINA MANENO PACHA

Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy katika nchi ya Ufaransa, aliishinda Uingereza. Kwa muda mrefu baada ya hapo wakubwa walisema Kifaransa, na watu wa chini wakaendelea na Kiingereza chao. Mabaki yake yako mezani mpaka leo. Ng'ombe akiwa zizini ni “cow”, neno la wachungaji. Nyama yake ni “beef”, neno lililotoka Kifaransa. Nguruwe ni “pig”, nyama yake “pork”. Kondoo ni “sheep”, nyama yake “mutton”. Baadaye wasomi wakaongeza maneno ya Kilatini. Ndipo utakapoona “ask” na “inquire”, “begin” na “commence”: la kwanza la nyumbani, la pili la ofisini.

Sisi tusishangae, maana Kiswahili nacho kimepita njia ya namna hiyo. “Kufa” ni neno la Kibantu. “Kufariki” limetokana na Kiarabu, na asili yake ni kuachana. Ng'ombe amekufa, lakini babu amefariki. Hakuna mwalimu aliyetufundisha hivyo darasani; tulijua kwa adabu ya nyumbani. Na Mwingereza ana “die” na “pass away”. Hii ndiyo hatua ya nne: uliza kama neno lina heshima, dharau au ukavu wa ofisi ndani yake. Kumwita mtu “slim” ni kumsifu. Kumwita “skinny” ni kumwambia amekonda. Wembamba ni ule ule, lakini la pili laweza kukuletea ugomvi.

MANENO YANAYODANGANYA

Yapo maneno mawili yanayoonekana kuwa kinyume, na maana yake ni moja. Magari ya mafuta yatokayo Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hupita Mikumi mchana na usiku. Ubavuni huandikwa hatari ya moto: mengine “flammable”, mengine “inflammable”. Sisi tumefundishwa ya kuwa “in-” mwanzoni mwa neno hukanusha, kama “correct” na “incorrect”. Mtu aweza kudhani basi ya kuwa “inflammable” ni kitu kisichoshika moto. La, hasha! Hapa “in-” si ya kukanusha. Imetoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuwasha. Yote mawili ni kitu kinachoshika moto upesi. Kisichoshika moto ni “non-flammable”.

Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, gari la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Sisemi ya kuwa neno ndilo lililowaua, maana walijua ni mafuta. Lakini nasema ya kuwa mkoa wetu umekwisha fundishwa gharama ya kitu hicho, na sisi tunaosoma tusiwe wa kumwambia mtu maana iliyopinduka.

JINSI YA KUJIZOEZA

Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili ni ya lazima. Ile ya Frederick Johnson ilitoka mwaka 1939, na ile ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996. Lakini usisome neno la kwanza tu ukafunga kitabu. Soma na mifano. Kipo pia kitabu kinachopanga maneno yaliyo jamaa, ambacho cha kwanza cha namna yake kwa Kiingereza kilichapishwa mwaka 1852 na daktari Peter Mark Roget. Kina faida kwa anayejua tofauti tayari, maana chenyewe hukuonyesha jamaa bila kukuambia yupi ni kaka na yupi ni binamu. Anayechukua neno humo kwa kuwa ni refu atajikwaa.

Njia ninayoitumia mimi ni daftari dogo. Kila ukurasa una maneno mawili tu, na chini yake sentensi mbili, moja kwa kila neno, zenye habari ya hapa hapa petu: miwa, reli, mto, bweni. Kisha najiuliza maswali manne niliyoyataja: Ni la jumla au mahsusi? Nani hutenda na nani hutendewa? Hufuatana na mtu, mnyama au kitu? Lina heshima gani? Haba na haba hujaza kibaba. Kurasa mbili kwa juma zatosha, na muhula mmoja ukiisha utakuwa na jozi zaidi ya ishirini ambazo hazitakuponyoka.

Sasa jipimeni kwa maswali haya matano. Majibu yako chini, lakini asiyaangalie mtu kabla ya kujaribu.

1. Benki imemkopesha mkulima. Ni “lent” au “borrowed”?
2. Jana miwa ililala kwa upepo. Ni “lay” au “laid”?
3. Daraja liliharibiwa na mafuriko. Ni “injured” au “damaged”?
4. Nasikia harufu ya moshi. Ni “hear” au “smell”?
5. Chupa imeandikwa “fungicide”. Je, itaua viwavi wa mahindi?

Majibu: 1. “lent”. 2. “lay”. 3. “damaged”. 4. “smell”. 5. Haitaua, hiyo ni ya kuvu na ukungu. Tafuta chupa ya “insecticide”, na kama maandishi yamefutika, usinunue wala usinyunyize, umuulize kwanza bwana shamba.